Orodha ya Waliomo Chini

Joram Werema hakupenda kelele, na hakupenda uchafu. Kwenye kibanda chake cha Bomani, ambako watu walifika kutoa kopi, kuandikiwa barua za kuomba kazi na kupigwa picha za paspoti, meza ilifutwa mara tatu kwa siku na kila waya ulifungwa kwa uzi. Mteja aliyethubutu kuweka kikombe cha chai juu ya mashine ya kopi alitazamwa mpaka akakiondoa mwenyewe. Watu wa mjini Tarime walimwita Padri, ingawa alikuwa Msabato, na yeye alilipokea jina hilo bila kinyongo kwa sababu alijua ni utani.

Kompyuta aliisomea Mwanza miaka miwili. Baba yake alifariki Joram akiwa darasa la tano, na tangu hapo aliyesaidiana na mama yake kumlea alikuwa mjomba wake, Anold Nyang'ombe wa Kenyamonta, kitindamimba kwao. Anold ndiye aliyeuza mafahali wake wawili wa kulimia ili kijana aende chuo. Mwaka ule yeye na mkewe walilima kwa jembe la mkono, na majirani walipouliza, alisema mafahali walikuwa wamezeeka. Walikuwa hawajazeeka hata kidogo, na kijiji kizima kilijua.

Mwaka 2014 dhahabu ikaonekana kwenye shamba la mihogo la watu, upande wa Matongo. Ndani ya mwezi mmoja hapakuwa na muhogo uliosimama. Palikuwa na mashimo, maturubai, karasha za kusaga mawe zinazounguruma mchana kutwa, bodaboda zilizopangana, na watu kutoka Serengeti, Musoma, Geita na hata ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Wachimbaji wakaunda chama, wakamchagua Mseti kuwa mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyeweza kuongea karasha zikiwa zinafanya kazi na bado akasikika.

Namna ya kuhesabu watu pale shimoni ilikuwa ya mashati. Kabla ya kushuka, mchimbaji alivua shati lake akalitundika kwenye kamba iliyofungwa mdomoni mwa shimo. Akitoka, alilichukua. Mama Waisiko, aliyeuza uji karibu na shimo namba saba, alikuwa na jicho lake kwenye kamba ile tangu asubuhi, na jioni shati likibaki peke yake alipiga kelele mpaka mwenyewe apatikane. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hata walevi waliifuata.

Mseti aliionea aibu. Maofisa walikuwa wamekuja kukagua, wakaikuta kamba imejaa mashati yenye matope na mashimo ya kwapani, mmoja wao akauliza kama hapo ni machimbo au ni mnada wa mitumba. Mseti hakulala vizuri wiki nzima. Mwisho akapanda bodaboda mpaka Bomani, akaingia kwenye kibanda cha Joram, akasema, "Mura, kijana wangu, nataka kompyuta ihesabu watu wangu. Anayeshuka aandikwe, anayetoka aandikwe. Unaweza?"

Joram aliweza. Aliandika programu kwa siku kumi na moja, na ilikuwa nzuri kuitazama. Msichana mmoja mtaratibu, Verdiana, aliwekwa na laptopu kwenye kibanda cha mabati, karibu na njia ya kuelekea mashimoni. Mchimbaji alitaja jina lake na namba ya shimo, Verdiana akaandika, akabonyeza Hifadhi, fomu ikajisafisha kumsubiri wa pili. Upande wa kulia palikuwa na orodha yenye kichwa cha herufi kubwa, WALIOMO CHINI. Mtu akitoka, alibonyezwa, jina likaondoka. Orodha ikiwa tupu, siku imeisha, watu wamekwenda kula. Mseti aliitazama orodha ile kama mtu anavyotazama nyumba yake mpya ya bati, na siku hiyohiyo akaamuru kamba zote za mashati zikatwe.

Sasa ni lazima niseme ilivyokuwa ndani ya programu ile, maana huko ndiko msiba ulikojificha. Jina likiandikwa, lilipachikwa katikati ya sentensi, na sentensi nzima ikapelekwa kwenye kanzidata, yaani ghala ambamo kumbukumbu hutunzwa. Sentensi iliagiza kwa lugha yake: weka mtu huyu, shimo hili, saa hii. Ili ghala lijue jina linaanzia wapi na kuishia wapi, jina lilizungushiwa vialama viwili vidogo vya juu, kimoja mbele na kimoja nyuma, kama boma lenye mlango huku na mlango kule. Lakini huku kwetu majina mengi yana kialama hichohicho tumboni mwake. Andika Nyang'ombe. Ghala likifika kwenye kile kialama cha katikati, linadhani limefika mlangoni na jina limekwisha, na herufi zinazofuata linazikuta zinazurura nje hazina mwenyewe. Hapo linaikataa sentensi yote. Dawa yake ni ndogo sana, na kila mwalimu wa kazi hiyo huifundisha: ama unakiandika kialama mara mbili ili ghala lielewe kuwa ni sehemu ya jina, ama unalipeleka jina peke yake, mbali na sentensi, lisichanganyike na maagizo. Joram alifundishwa hayo Mwanza. Aliyaandika hata kwenye daftari. Ila alikuwa na haraka, na alipoijaribu programu aliandika Joram Werema, akaandika Verdiana, akaandika Mseti, yote yakakaa, akaridhika.

Siku ya nne Verdiana alimpigia simu. "Kaka Joram, mashine yako imenitukana."

"Imekutukanaje?"

"Imejaa maneno mekundu, Kiingereza kirefu. Watu wamepanga foleni hapa wananicheka, wanasema nimeiharibu."

Joram alienda Matongo mchana wa kesho yake. Alijaribu jina lake, likaingia. Akajaribu la Verdiana, likaingia. Akatazama betri ya sola, akaona waya umelegea, akasema basi ni umeme. Kisha, kwa kuwa yale maneno mekundu yalimwudhi kuliko yalivyomwudhi Verdiana, aliongeza mistari michache: kosa lolote likitokea, programu inyamaze na fomu ijisafishe kama kawaida. Kuanzia siku hiyo skrini haikuonyesha uchafu tena. Jina lililokataliwa na jina lililopokelewa yaliondoka kwa namna moja, kimya, na Verdiana akaita anayefuata.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Joram, ingawa nampenda. Hakuuliza ni jina la nani lililoleta maneno yale. Lilikuwa ni swali moja tu, na Verdiana alikuwa amekaa palepale, na angemjibu.

Mwezi wa pili Anold naye akaja machimboni. Mvua za vuli zilikuwa zimemnyima mahindi, na alitaka kupata cha kununulia fahali walau mmoja. Alipita kwanza Bomani kumwona mpwa wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mbona kibanda kisafi hivi, utaoa lini mtu wa kukichafua?" Anold akacheka peke yake mpaka akakohoa. "Nakwenda kushuka kwenye hilo shimo la saba. Nasikia wewe ndiye unayeandika watu."

Joram alijaribu kumzuia. Alimwambia umri wake si wa kushuka shimoni. Anold akamjibu kuwa mgongo wake ameuzoea. Mwishowe Joram alimpa shati la njano lenye kola alilokuwa amemnunulia, akamwambia angalau avae kitu kizuri.

Kila asubuhi Anold alitaja jina lake kwa Verdiana kwa sauti ya kanisani, "Anold Nyang'ombe, namba saba," Verdiana akaandika, akabonyeza, fomu ikajisafisha. Jioni akitoka alilitaja tena. Verdiana, mwenye watu thelathini wanaosukumana dirishani, alilitafuta, akalikosa, akadhani ameshambonyeza. Akamwambia, "Haya mzee, kapumzike." Na kwa kuwa Anold hakutaka shati lake la njano liingie matope, aliendelea kulitundika kwa Mama Waisiko, kwenye kijiti cha turubai lake. Wenzake walimtania kuwa bado anahesabiwa kizamani. Alisema yeye anahesabiwa mara mbili, kwa hiyo yuko salama kuliko wao.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, saa saba mchana maji yalitoboa kutoka shimo la zamani lililoachwa, yakaingia namba saba na namba nne kwa pamoja. Watu walipanda ngazi za miti wakikanyagana. Verdiana alimbonyeza kila aliyetokea. Pampu kubwa ilikuwa moja tu, na ilikuwa imeshafungwa namba saba inavuta maji.

Joram alisikia habari hizo Bomani, akapanda bodaboda bila kufunga kibanda. Alipofika, Verdiana alikuwa amemaliza kubonyeza. Orodha ilionyesha namba saba hakuna mtu. Namba nne walikuwepo wawili, Okello na mdogo wake Oduol.

Mseti alikuwa tayari anapiga kelele pampu ihamishwe namba nne. Mama Waisiko akasimama mbele ya mpira wa maji na shati la njano mkononi.

"Hamhamishi," alisema. "Hili shati lina mwenyewe. Mzee wa Kenyamonta hajatoka."

Joram aliliona shati, akalitambua. Akakimbilia kibandani, akamwondoa Verdiana kitini, akaandika Anold kwenye kisanduku cha kutafutia. Programu ikajibu kuwa leo hakuna mtu wa jina hilo. Akatafuta mara ya pili. Hakuna. Akashusha pumzi, na nasema kweli, alifurahi. Alikumbuka kuwa Jumapili mjomba alizungumzia kwenda nyumbani kupanda. Aliipigia simu ya mjomba, haikupatikana, lakini Kenyamonta simu kutopatikana si habari.

Akarudi shimoni karibu akitabasamu. "Mama, shikamoo. Usiogope. Mjomba leo hajashuka, ameenda nyumbani. Shati atakuwa amelisahau."

"Mimi nimempa uji leo asubuhi," Mama Waisiko akasema. "Kikombe kikubwa. Amenirudishia mwenyewe."

"Labda ilikuwa jana, mama."

Mama Waisiko alimtazama. Alikuwa mtu mzima, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hajui amempa nani uji. Mseti akaingilia kati, maji yakimchuruzika usoni.

"Joram, sitaki maneno mengi. Wawili wanakufa pale namba nne. Hiyo mashine yako inaaminika au haiaminiki?"

"Inaaminika," Joram akasema.

Pampu ikahamishwa. Saa kumi na moja jioni Okello na Oduol walitolewa wakiwa hai, midomo imewageuka rangi, na watu wakashangilia, wakawabeba. Pampu ikazimwa, kwa kuwa orodha ilisema namba saba hamna mtu. Okello, alipopata nguvu, aliomba aonyeshwe kijana wa kompyuta. Akamshika mikono yote miwili. "Ndugu yangu, mashine yako imetuokoa," alisema. Joram alirudi Bomani na maneno hayo moyoni, akala vizuri, akalala.

Ijumaa asubuhi alikuwa anafuta meza simu ikaita. Alikuwa mama yake, Frida.

"Joram, mwambie mjomba wako awashe simu yake. Mbegu nimempatia, bado anakuja kupanda?"

"Si yuko huko kwenu?"

"Huko kwetu wapi? Aliniambia anakuja Jumamosi."

Joram aliweka simu mezani bila kuikata. Kwenye kompyuta ya kibandani alikuwa na nakala ya programu ile. Aliifungua, akaandika jina lote kama mjomba alivyokuwa akilitaja, Anold Nyang'ombe, namba saba, akabonyeza Hifadhi. Fomu ikajisafisha vizuri. Akatazama kulia. Orodha ya waliomo chini ilikuwa tupu. Kwenye simu, mama yake bado alikuwa akiita, "Joram? Unanisikia?"

Joram alifika Matongo akasema mjomba yumo, na pampu ikarudishwa namba saba kabla ya saa nne. Hakuna aliyemwuliza Joram kitu. Alipiga magoti kwenye matope ya mdomo wa shimo, mtu aliyekuwa hataki hata vumbi kwenye kola, akawa anaita, "Mjomba! Mjomba!" mpaka sauti ikaisha. Mama Waisiko alikaa karibu naye. Hakumkumbusha lolote, na hilo lilimwumiza kuliko kama angemkumbusha.

Walimfikia saa kumi alasiri. Maji hayakuwa yamemgusa kifua. Alikuwa amepanda kwenye upenyo wa juu wa pembeni, akapanga mawe akapata pa kukaa, na nyundo yake ilikuwa mapajani. Ukuta mbele yake ulikuwa umebonyea kwa kupigwa. Mganga wa zahanati alimpima, akasema hakufa maji, alikufa kwa kuishiwa hewa, na kwa alivyomwona alikuwa mzima mpaka alfajiri. Okello, aliyekuwa amerudi kusaidia kuvuta kamba, alisikia maneno hayo, akaketi chini akafunika uso.

Verdiana alipofukuzwa na Mseti mbele ya watu kwa uzembe, Joram alisimama akasema si yeye. Aliwaeleza kila kitu, kialama, sentensi, maneno mekundu aliyoyanyamazisha. Wengi hawakuelewa. Alipomaliza, mwanamume mmoja akauliza, "Kwa hiyo mimi Ong'ou, tangu mlete hii kompyuta, sijawahi kuwa chini?" Joram akasema ndiyo, hukuwahi. Wengine wanne wakataja majina yao, na yote yalikuwa hivyohivyo. Walikuwa wameshuka na kupanda wiki nyingi na hawakuandikwa kokote, wakasalimika kwa bahati tu.

Programu aliitengeneza palepale, amesimama, tope mikononi. Jina akalitenga na sentensi, akaifuta ile mistari ya kunyamazisha. Ilimchukua dakika kumi. Alitamani ingemchukua mwaka.

Anold alizikwa Kenyamonta Jumapili. Watu walipotawanyika, Joram alimkuta mama yake nyuma ya nyumba amekaa juu ya kinu kilichoinamishwa, khanga mabegani, hana la kufanya kwa mikono yake. Akachuchumaa mbele yake.

"Wanasema mliiondoa pampu," Frida alisema.

"Tuliiondoa, mama."

"Mlipoiondoa, alikuwa hai?"

Angeweza kumwambia hajui. Njia nzima kutoka Matongo, ndani ya gari lililobeba jeneza, alikuwa amejiandalia maneno hayo. "Alikuwa hai," akasema. "Alikuwa anagonga ukuta. Karasha zilikuwa zinaunguruma, hatukusikia."

"Nani aliwaambia hayumo?"

"Mimi. Mama Waisiko aliniambia yumo, nikambishia."

Watoto wa Anold walikuwa wanaitwa kwenda kula, na mdogo alikuwa analia hataki.

"Wamenieleza jina lake lilikataliwa," akasema tena. "Jina la baba yangu. Mimi pia ni Nyang'ombe, Joram. Ulipokuwa unajaribu hiyo mashine, hukuniandika mimi mama yako?"

"Sikukuandika, mama."

"Na sasa imepona?"

"Imepona. Ilikuwa kazi ya dakika kumi."

Aliona uso wa mama yake ukivunjika, akatamani angemdanganya hilo moja. Frida alijikunja, akalia bila sauti, kisha kwa sauti, kisha akajifuta kwa upindo wa khanga na kumtazama mwanawe machoni.

"Anold nilimbeba mimi mgongoni," alisema. "Nilikuwa na miaka minane, mama anakwenda shamba ananifunga naye. Ukazaliwa wewe nikakubeba mgongo huohuo, naye akinipokea nikichoka. Sasa niambie wewe uliyesoma. Nimlilie yeye nikuchukie wewe, au nifanyeje, na wote ni wangu?"

Joram alibaki amechuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na mama yake hakumfukuza, wala hakumgusa.